Doa Namba 212

Kazini walimwita Bi Sabuni, lakini si mbele yake. Mbele yake walimwita dada au mama, kutegemea umri wa anayeita na ukubwa wa kosa alilofanya. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, mkobani ana kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, na tumbo lake halikuwahi kujifunza uvumilivu. Wengine wakiudhika huumwa kichwa. Yeye alisikia kichefuchefu. Unywele mmoja kwenye sinki la ofisi ulitosha kumharibia asubuhi. Kikombe kilichoachwa na chai ya jana, utando juu, kilimharibia mpaka mchana. Na mkuu wa kitengo, ambaye alikuwa na tabia ya kulamba kidole kila akifunua karatasi, halafu anakupa wewe karatasi hiyohiyo uishike, huyo alimharibia wiki nzima, na wiki ziko hamsini na mbili kwa mwaka.

Mtu wa namna hii ungedhani amepata kazi hospitali, ambako usafi wake ungemfaa mgonjwa. Wapi! Kazi yake ilikuwa kusafisha mbingu.

Taasisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Ndani yake watu kumi na mmoja walipima mawingu. Si haya ya mvua. Haya ni mawingu ya gesi yaliyotanda kati ya nyota na nyota, mepesi kuliko pumzi, ya baridi na ya giza, na humo ndimo nyota mpya huzaliwa. Shida ya gesi hiyo ni kwamba sehemu kubwa haionekani kwa macho. Antena za redio huisikia kiasi, lakini iko gesi nyingine bubu, haitoi sauti yoyote ambayo redio inaijua, na ukitegemea redio peke yake utapima kipande cha wingu na kujisifu umelipima lote.

Kwa hiyo waliita mashahidi wawili. Wa kwanza ni mionzi ya gamma. Angani kote kuna chembe ziendazo kwa kasi ya kutisha, na chembe ikiigonga gesi, mwonzi wa gamma hutoka. Hata gesi bubu ikigongwa hulia. Setilaiti huidaka mionzi hiyo mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu matone ya kwanza ya mvua kwenye sakafu ya simenti, na baada ya miaka mingi matone yale yanakuwa ramani. Shahidi wa pili ni vumbi. Kila wingu lina vumbi laini kama masizi, na vumbi hilo, hata likikaa kwenye baridi kali namna gani, hutoa joto kidogo ambalo darubini nyingine hulihisi. Penye vumbi pana gesi. Mashahidi wawili wakisema jambo moja, unaweza kusimama mbele za watu ukalisema na wewe.

Ila mashahidi wasikutane kabla ya siku ya kesi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ghorofa ya tatu. Chumba cha gamma kilikuwa kushoto kwa korido, chumba cha vumbi kulia, milango ikitazamana, na hakuna aliyeruhusiwa kuiona ramani ya mwenzake mpaka zote mbili zimekamilika na kukabidhiwa kwa mkuu.

Chumba cha kushoto kilikuwa cha Bi Sabuni. Si kila king'aacho kwenye ramani ya gamma ni gesi. Ziko nyota zilizokufa ambazo bado zinazunguka na kumulika; ziko galaksi za mbali mno zenye hasira katikati yake; kila moja huacha alama kali juu ya wingu ambalo haihusiani nalo hata kidogo. Yeye aliitafuta alama, akaikata, akaziba tundu kwa wastani wa majirani zake, kama fundi cherehani anayetia kiraka kisichoonekana. Kisha akaandika kwenye daftari lake gumu la jalada jeusi: namba ya doa, mahali pake, sababu ya kulifuta. "Nyota mfu." "Galaksi ya mbali." Na yale ambayo hayakuwa na mwenyewe anayejulikana lakini yalikaa vibaya, hayo aliyaandikia neno moja tu: "Uchafu." Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumuuliza neno hilo lina maana gani. Ramani zake zilitoka nyororo kama shuka lililopigwa pasi, wageni wakaletwa kuzitazama. "Huyu hakosei," mkuu aliwaambia wageni, akilamba kidole ili awafunulie ukurasa unaofuata.

Chumba cha kulia kilikaa kitupu miaka mitatu kwa kukosa mtu. Ramani ya gamma ikaenda peke yake majaridani, ikasifiwa peke yake. Halafu, miezi minane iliyopita, akaletwa Bwana Vumbi.

Tuseme ukweli: mtu huyu alikuwa karaha. Alikuwa mnene, mpole, wa miaka arobaini na ushee, na alikula mayai ya kuchemsha ofisini, mlango umefungwa, manne kwa siku. Aliyamenya juu ya kibodi. Maganda yalikaa katikati ya herufi kama meno ya mtoto, na alipoandika yalilia kwa-kwa-kwa. Kwenye mikutano alikata kucha. Kucha ziliruka, na siku moja mojawapo ilitua kwenye daftari jeusi la Bi Sabuni, naye akatoka nje, akasimama kwenye ngazi dakika kumi akipumua kwa mdomo. Harufu ya mayai ilivuka korido bila ruhusa ya mkuu. Bi Sabuni akazoea kufungua mlango wake kwa kiwiko na kuufunga kwa mguu, maana kitasa kile yule bwana huenda amekishika.

Jumatatu moja ramani mbili zikakutanishwa. Zilikuwa za wingu ambalo ofisini walilipa jina la Bata, kwa sababu lina kichwa, lina shingo, na lina tumbo kubwa. Mkuu alizimulika ukutani, ya gamma upande huu, ya vumbi upande ule. Kichwa kwa kichwa, shingo kwa shingo. Kisha macho yakafika nyuma ya tumbo.

"Bwana Vumbi," mkuu akasema, "bata wako ana mkia."

"Ndiyo, mkuu. Nami nimeuona."

"Bata wa dada hana."

"Naona hana."

"Sasa bata mmoja hawezi kuwa na mkia na kutokuwa nao."

"Lakini mkuu," Bwana Vumbi akasema kwa upole wake uleule, "bata asiye na mkia umemwona wapi?"

Watu walicheka. Mkuu hakucheka. Mkia ule, kwa hesabu ya vumbi, ulibeba moja ya tano ya gesi ya wingu zima. Si jambo la kuchekea. Redio haikusikia kitu mahali pale. Gamma haikuonyesha kitu. Shahidi mmoja peke yake alikuwa akisimulia mkia, na shahidi huyo alikuwa na chembe za kiini cha yai kwenye ndevu.

"Wageni wa taasisi mshirika, wale wanaotulipia kazi hii, wanakuja Ijumaa," mkuu akasema. "Una siku nne. Tafuta kosa lako uufute mkia huo. Ukishindwa, basi mwisho wa mwezi mkataba wako tusiusumbue kuuongeza."

Bwana Vumbi akageuza shingo yake nene. "Dada, wewe pale hukuona kitu? Hata kidogo?"

"Hapakuwa na kitu," Bi Sabuni akajibu.

Na alifurahi. Hili nalo lisemwe. Alikaa pale amekunja mikono, akaiona korido isiyo na harufu ya mayai, kitasa kisicho na mashaka, na moyo wake ukawa mweupe.

Furaha ilidumu mpaka saa tisa. Alikuwa akisuuza kikombe chake mara ya tatu, kama kawaida yake, neno lile likamrudia: hapakuwa na kitu. Mbona amejibu haraka hivyo? Mtu aliyetazama anga kwa miaka kumi na tisa hasemi hapakuwa na kitu. Husema ngoja nitazame. Akarudi chumbani, akalitoa daftari jeusi, akafunua kurasa za miaka mitatu nyuma, zamu ya Bata. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umelala upande mmoja. Doa namba 212. Mahali pake pameandikwa. Sababu: Uchafu.

Akafungua ramani ghafi, ile ya kabla ya kusafishwa, ambayo hakuna mtu anayeipenda kwa kuwa imejaa alama na chenga. Akaenda mahali pa 212.

Alilikumbuka mara moja, kama unavyomkumbuka mtu aliyewahi kukutemea mate kwa bahati mbaya. Lilikuwa doa refu, limepinda kidogo, limefifia kingo zake, mfano wa alama ya mtu mwenye mkono wa mafuta aliyepitisha kidole kwenye kioo cha dirisha. Alama ya nyota mfu huwa mviringo kila siku, maana jicho la setilaiti huifinyanga nukta kuwa duara. Hili halikuwa duara. Alijua siku ile kwamba si duara. Lakini redio ilikuwa kimya pale, na doa lilimkirihi, tumbo likamgeuka, akalikata. Alikumbuka hata starehe aliyoisikia wingu lilipobaki safi. Ilimchukua dakika nne.

Ramani sasa zilikuwa zimekutanishwa, sheria haikumzuia tena. Akaichukua ya Bwana Vumbi, akailaza juu ya ile ghafi. Mkia ukaingia ndani ya doa kama mguu ndani ya kiatu chake. Moja ya tano ya gesi ya wingu zima, gesi bubu ambayo redio haiisikii, imelia kwa gamma miaka yote, na yeye ameifuta kwa kuwa ilikaa vibaya.

Akaenda kunawa. Akanawa tena. Kinyaa chake, ambacho tangu utotoni kilikuwa kikitazama nje tu, kimegeuka kumtazama mwenyewe, na hakukuwa na sinki la kukitapikia.

Mumewe alikuwa fundi wa kuzibua mabomba na mitaro. Ndiyo, Mungu naye ana utani wake. Miaka ishirini na sita mwanamume yule alioga kwenye bomba la nje, akabadilisha nguo kibandani, ndipo akaingia ndani kwa mlango wa jikoni, na pacha wao wawili wa kike, ambao sasa wanaishi mbali, walilikuza jambo hilo kuwa kichekesho cha ukoo mzima. Jioni ile jua likiwa bado juu ya ukuta, alimkuta mkewe amekaa kwenye ngazi ya nyuma, karibu kabisa na ndoo ya vifaa. Akadhani kuna msiba, akaanza kunawa haraka bombani.

"Baba Pacha," mkewe akasema, "ukizibua bomba, kile kinachotoka unakifanyaje?"

Mkono wenye sabuni ukasimama hewani. Hilo ni jambo ambalo alikatazwa hata kulikaribia tangu wiki ya harusi.

"Nakitia ndoo. Namwita mwenye nyumba akione. Ndipo nakitupa."

"Akione cha nini? Si uchafu?"

"Nani kakwambia ni uchafu? Mimi nimetoa pete ya ndoa humo. Nimetoa meno ya bandia, mzee alikuwa akila uji tu mwezi mzima. Harufu ni hiyohiyo moja, pete inanuka kama kinyesi. Sasa mimi fundi nitajuaje kipi cha mtu na kipi si cha mtu? Ndoo kwanza, mke wangu."

Akamweleza, basi. Hakutaja mionzi wala galaksi, maana walikuwa na lugha yao ya nyumbani kwa mambo hayo. Alisema amelifuta wingu la watu, na kwamba mwenzake ndiye atakayefukuzwa.

"Yule wa mayai?"

"Yeye."

"Na ulifurahi?"

"Nilifurahi sana."

Mumewe akajimwagia maji mkono wa pili. "Mama Pacha, nyani haoni kundule. Wewe lako umeliona leo. Shukuru."

"Usiniletee matusi mlangoni kwangu."

"Si tusi, ni methali."

"Ni vyote viwili," akasema, akainuka kumletea taulo.

Ungetaka kusikia kwamba kesho yake alidamka akaenda kusema. Hakwenda. Jumanne ilipita, na Jumatano. Kukiri kosa angeweza; kilichomkaa kooni ni kwamba angekuwa akimwambia mtu yule, mwenye maganda katikati ya herufi, kuwa yeye ndiye aliyeona sawa. Alimpita koridoni mara sita. Siku ya pili mlango wa kulia ulikuwa wazi, akamwona anatoa vitu kwenye droo, anaviweka kwenye boksi: mkasi wa kucha, chumvi iliyofungwa kwenye bahasha, picha ya mwanamke mzee. Hakuwa akitafuta kosa lolote. Ramani yake ilikuwa kwenye kioo cha kompyuta, mkia wake mahali pake. Alikuwa ameamua kuondoka nao.

Alhamisi asubuhi Bi Sabuni akagonga kwa mkuu.

Alisema yote amesimama, daftari mkononi. Mkuu alisikiliza akipigapiga kalamu. Alipomaliza, mkuu akavuta droo, akatoa karatasi, akaigeuza ili aione. Ilikuwa ramani ghafi ya Bata. Mahali pa 212 palizungushiwa wino mwekundu.

"Nimeiona tangu Jumatatu mchana," mkuu akasema.

"Umeiona?"

"Dada, mimi si mjinga. Mkia ule ulinitia wasiwasi, nikachungulia. Lakini fikiria na wewe. Ripoti ya mwaka juzi ilisema hana mkia. Ya mwaka jana hivyohivyo. Tukisema leo anao, watatuuliza na mawingu mengine. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na Bwana Vumbi?"

"Atapata kwingine. Mtu mpole yule." Akatabasamu kama anayempa mtu zawadi. "Baina yako na yeye, nani ataaminiwa? Jina lako ndilo sabuni yetu, dada. Miaka kumi na tisa linatung'arisha."

Kwa hiyo mkuu naye alilijua jina walilomwita kisogoni. Wote walijua. Lakini jina halikumuuma. Kilichomuuma ni kazi ya sabuni. Sabuni ni kitu ambacho watu hukisugulia taka zao, wakakiacha kwenye kisahani kikiwa na unywele wa mtu umeganda juu yake. Hivyo ndivyo alivyokuwa amewekwa ofisini mle, na yeye alidhani anaheshimiwa.

Mkuu akalamba kidole, akafunua faili, akachomoa fomu. "Ni tamko la usafi wa ramani, kwa ajili ya kesho. Weka saini yako hapa chini."

Pembe ya karatasi ilikuwa na unyevu. Aliuona ukimeta. Akaishika kwa ncha za vidole viwili, akasema ataisoma kwanza, akatoka. Na safari hii hakukimbilia sinki. Kichefuchefu kilikuwa kingi mno kwa sinki.

Ijumaa wageni walikuja watatu. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mzito wa mwendo, mwenye sauti ya taratibu, aliyeondoa miwani kila alipotaka kuona vizuri. Mkuu alisimama mbele, tai imenyooka, akawaonyesha Bata asiye na mkia, akaeleza kwamba upande wa vumbi kuna hitilafu ndogo ya upimaji ambayo inashughulikiwa. Bwana Vumbi alikaa mwisho wa meza, boksi lake sakafuni miguuni. Hakukata hata kucha.

"Na ramani ya gamma imethibitishwa," mkuu akasema. "Tamko lipo. Dada?"

Bi Sabuni akasimama. Akaweka fomu mezani, upande wa saini ukiwa mtupu, akaenda kwenye kompyuta, akaimulika ramani ghafi ukutani. Ilikuwa mbaya kutazama. Alama zimejaa, chenga kila pahali, na pale nyuma ya tumbo la Bata lile doa refu la mafuta.

"Mkia upo," akasema. "Mimi ndiye niliyeufuta."

"Dada hana raha leo," mkuu akawaambia wageni. "Wiki imekuwa ndefu."

"Wiki ni ya kawaida." Akafungua daftari, akasoma kwa sauti: "Doa namba mia mbili na kumi na mbili. Sababu: uchafu."

Mgeni mkubwa akavua miwani. "Uchafu maana yake nini, mama?"

Miaka kumi na tisa, na hilo ndilo swali lenyewe. Angeweza kusema chenga za chombo. Angeweza kusema mvujo wa mwanga. Lipo neno la namna hiyo na wangelikubali.

"Maana yake niliona kinyaa kulitazama," akasema. "Hakuna maana nyingine."

Mkuu akakohoa. Mgeni akainuka polepole, akaenda mpaka ukutani, akapitisha kidole hewani kuufuata mkia kutoka mwanzo hadi ncha. Akaomba ramani ya vumbi iwekwe juu yake. Bwana Vumbi mwenyewe ndiye aliyekuja kuiweka, na mkia ukaingia ndani ya doa mbele ya watu wote.

"Gamma inauona, vumbi linauona, redio haiusikii," mgeni akasema. "Basi hii ni gesi ambayo hakuna aliyekuwa ameihesabu. Hili ndilo jambo kubwa nililoliona mwaka huu."

Na hapo ndipo lilipotokea lililomtia Bi Sabuni kinyaa kuliko mayai, kuliko kucha, kuliko mate yote ya miaka kumi na tisa. Mkuu alivuta pumzi mara moja tu. Akanyoosha tai.

"Kama mnavyoona," akasema, "kitengo changu siku zote kilishuku kwamba mkia upo. Mkataba wa bwana huyu tunauongeza leo hii."

Hata hakubadilika rangi. Aliyasema hayo kwa mdomo uleule uliosema funika kombe, na mdomo haukuungua. Bi Sabuni alimtazama akaelewa kwamba mtu huyu hajawahi kusikia kichefuchefu maishani mwake, na kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe. Akataka kutapika palepale, juu ya meza, juu ya fomu. Akajizuia kwa sababu ya wageni.

Mgeni mkubwa hakumjibu mkuu. Alimuuliza Bi Sabuni, "Yaliyoandikwa uchafu ni mangapi kwa jumla?"

"Arobaini na moja." Alikuwa ameyahesabu Alhamisi usiku kucha bila kufunua daftari.

"Yote yafunguliwe. Yalinganishwe na vumbi, moja baada ya moja. Na kuanzia sasa mtu mwingine asafishe mawingu mapya."

Haikusemwa kwa ukali. Lakini Jumatatu iliyofuata ufunguo wa chumba cha kushoto ulikuwa kwa mtu mwingine, na tamko la usafi halikuhitaji tena saini yake. Mkuu alikuwa akitembeza wageni wapya koridoni, akiwahadithia mkia. Alipompita Bi Sabuni alimsalimia kama anavyosalimiwa mlinzi. Hilo lilimuuma, na lilimuuma zaidi kuliko alivyotarajia, kwa sababu kazi ile aliipenda.

Akavuka korido. Akashika kitasa cha kulia kwa mkono.

Chumba kilikuwa vilevile. Harufu ilimpokea mlangoni. Bwana Vumbi alikuwa amemvutia kiti, na juu ya kiti kulikuwa na baka la sura ya kisiwa, ambalo Bi Sabuni hakutaka kujua asili yake. Akatoa kitambaa cheupe mkobani, akakifuta kiti mara tatu, akakaa.

"Dada," yule bwana akasema, "ahsante kwa siku ile."

"Usinishukuru. Nilichelewa siku tatu, na makusudi."

"Najua. Nilikuona ukipita."

"Na mayai yako yananitapisha."

"Hilo nalo najua. Miezi minane unafunga mlango kwa mguu." Akakisogeza kibodi, maganda yakalia. "Nitakula kwenye ngazi. Tuanze na lipi?"

Hakumpenda zaidi kwa hilo. Lakini alifungua daftari ukurasa wa kwanza, ambako lilikuwepo uchafu wa kwanza kabisa, namba tisa, mwaka wake wa kwanza kazini, mwandiko wa mgeni wa kazi mwenye hofu ya kukosea. Wakalikuza likajaa kioo kizima. Lilikuwa doa la kijivu, limetapakaa, kama kitu kilichomwagika kisha kikakanyagwa. Bwana Vumbi akaanza kuitafuta ramani yake.

Bi Sabuni alilitazama kwa muda mrefu. Alingoja jicho lake libadilike, baada ya yote yaliyotokea. Halikubadilika. Tumbo likamgeuka palepale, na kidole chake, chenyewe, kikaenda kwenye kitufe cha kufuta. Akakishika kidole hicho kwa mkono wa pili, akakibana chini ya meza mpaka ramani ya vumbi ilipofika.